Nyumba ya Mama Eufrazia Iwekewe Kamba

Ubaldo Kalisti,
Mwalimu wa Nyuki,
Mpanda Mjini.
14 Septemba 1957

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Mpanda.
Nakala kwa: Mwanangwa Bartolomeo, Ugalla; na Mama Eufrazia, Ugalla (asomewe).

Mheshimiwa Bwana,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA JUMBA LA HATLIKOMU HUKO UINGEREZA, NA OMBI JUU YA NYUMBA YA MAMA YANGU HUKO UGALLA

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini, wewe na karani wako na matarishi wako wote. Huku kwetu tu wazima, tunashindana na mbung'o tu. Naiandika barua hii nikiwa nimekaa vizuri, nimeshiba, wala sina hasira hata kidogo. Nalisema hilo mapema kwa sababu karani wako alinidokeza kwamba barua za watu wenye hasira huwekwa chini kabisa ya rundo, na rundo lenyewe nimeliona.

Mimi ndiye yule mwalimu wa nyuki uliyempungia mkono stesheni mwaka jana, alipopanda treni kwenda Ulaya kuonyesha asali na nta ya Ugalla kwenye maonyesho. Nilikaa kule miezi mitatu. Niliporudi uliniita ukaniuliza nimeona nini, nami kwa woga nikajibu, "Baridi, Bwana." Ulicheka ukaniruhusu niende zangu. Jibu lile lilikuwa pungufu, na naomba radhi. Barua hii ndiyo jibu kamili.

Kinachoniandikisha ni amri. Tumesomewa kwamba kwa ajili ya ugonjwa wa malale, watu wote wa ng'ambo ya mto Ugalla wahame kabla ya mvua, wakakae kambini kando ya barabara, na nyumba zao zichomwe moto nyuma yao ili wasipate pa kurudi. Mama yangu mzazi, Mama Eufrazia, ni mmoja wa watu hao. Ana nyumba ya udongo ya vyumba viwili aliyojengewa na marehemu baba yangu, na baba mwenyewe amezikwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nimempelekea maneno kwamba asitoke, asifungashe hata kijiko, mpaka hapo utakapoijibu barua hii. Naye ni mama msikivu, anangoja.

Nikisha kueleza hayo, sasa naomba kulalamika.

1. Kuhusu hodi.

Jumapili moja Bwana Nyuki, afisa wetu ambaye siku zile alikuwa kwao kwa likizo, alinichukua kwa motokaa yake twende tukatembelee jumba la kale liitwalo Hatlikomu. Nimeliandika nilivyolisikia. Alisema ni nyumba ya kihistoria, ina miaka mia tatu, na watu hutoka mbali kuja kuiona. Nikavaa suti yangu nyeusi na tai. Nikachukua na chupa ya asali, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Mlango wa nyumba ile, tembo angepita bila kuinama. Nikasimama mbele yake nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Nyuma yangu Waingereza wakaanza kupanga mstari, maana nimekuja kujua kwamba Mwingereza akiona mtu amesimama mahali, husimama nyuma yake kwanza ndipo aulize. Nikapiga ya tatu. Mheshimiwa, umekaa nasi miaka sita, unajua kwamba hodi tatu zisipoitikiwa, mtu aliyelelewa hugeuka akaenda zake. Nikageuka. Nikakuta watu kama arobaini, na wa kwanza wao akanivulia kofia, nadhani alifikiri mimi ndiye mwenye nyumba natoka kupunga upepo.

Bwana Nyuki alinishika mkono, akaniambia niingie tu, hapa haitikii mtu. Basi nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa, tena saa nane mchana, tena nimefunga tai. Kama ningefanya hivyo Ugalla, Mwanangwa Bartolomeo, mkubwa wa kijiji chetu, angeniweka barazani, na wewe ungepelekewa taarifa.

2. Kuhusu viti.

Kwetu, ukikuta kamba imefungwa mahali pasipo na mbuzi, unajua hapo pana jambo. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma haya yanayofuata.

Ndani nilikuta chumba kikubwa chenye giza giza, mapazia yamefungwa nusu. Watu wanatembea polepole, mmoja nyuma ya mwenzake, mikono mgongoni, wananong'ona. Maua kila meza. Saa ya ukutani imesimama. Karibu na dirisha liko daftari, na kila anayepita anaandika jina lake. Katikati yuko mama wa makamo aliyevaa nguo nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni, ameshika fungu la funguo na uso wake hauna kicheko. Na viti, viti vizuri vya mito, vyote vimezungushiwa kamba ili mtu asikae. Ungekuwa ni wewe, Mheshimiwa, ungefikiri nini?

Niliona ni msiba. Nikaona haya sana kwamba Bwana Nyuki hakuniambia. Nikavua kofia, nikamwendea yule mama mwenye funguo, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikampa pole. Nikamkabidhi na ile chupa ya asali iwe rambirambi yangu. Halafu, kwa kuwa mwanamume msibani hakai juu, nikaenda nikakaa sakafuni karibu na pa kuotea moto. Moto wenyewe haukuwashwa, na hilo nalo lilinisikitisha.

Mama mmoja mnene aliyekuwa anapita aliniona, akashusha pumzi, naye akakaa. Inaonekana miguu ilikuwa inamuuma tangu zamani na alikosa tu mtu wa kumwonyesha njia. Baada yake akakaa mumewe. Bwana Nyuki alipotufikia tulikuwa tumeketi watu saba, kimya, vichwa chini, na mzee mmoja ameshaanza kusinzia. Nikajisemea moyoni kwamba hawa watu tunawasingizia, msiba wanaujua vizuri kabisa.

Mama Funguo, nitamwita hivyo kwa kuwa sikulishika jina lake, akaja akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia mwenye kujua ni yeye. Bwana Nyuki alitafsiri huku uso umemwiva. Ikabainika kwamba hakuna aliyekufa. Yaani wamekufa wengi, lakini wa mwisho kufia chumba kile alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nikauliza viti vimefungiwa nini. Nikajibiwa ili visikaliwe. Nikauliza vilitengenezewa nini. Hapo Bwana Nyuki hakutafsiri.

Nilivihesabu viti vyote, chumba hadi chumba, vikafika mia moja na vinne. Mimi, Ubaldo Kalisti, nimetembelea nyumba yenye viti mia moja na vinne, nikatoka miguu inawaka moto. Mama yangu ana viti viwili na kigoda kimoja, na tangu nizaliwe sijamwona mgeni akisimama kwake. Wageni wakizidi viti, husimama mama.

3. Kuhusu kitanda.

Juu ghorofani tulionyeshwa kitanda. Kina nguzo nne na paa lake, utadhani ni kibanda ndani ya nyumba. Mama Funguo alieleza kwamba mfalme mmoja wa zamani alikuwa anapita safarini, akalala pale usiku mmoja. Usiku mmoja tu. Tena asubuhi akaondoka bila kunywa chai, kwa kuwa hakulala vizuri. Kwa ajili ya usiku huo mmoja kitanda kimewekewa kamba miaka mia tatu na hakuna ruhusa ya kukigusa, na nyumba nzima inaitwa ya kihistoria.

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nakukumbusha kwamba mwaka 1949 Bwana Disii, Mkuu wa Wilaya aliyekutangulia, akiwa katika safari ya miguu ya kuhesabu watu, alinyeshewa mvua kule Ugalla, hema lake likavuja, akaja kulala kwa mama yangu. Alilala usiku mbili, siyo mmoja. Alilala vizuri, majirani wote walimsikia. Alikula kuku wawili, asubuhi akanywa uji na kuomba wa pili. Alipoondoka alisahau soksi moja ya kijivu, na mama ameitunza katika kitambaa mpaka leo, akiamini kwamba mtu mzima hawezi kukaa miaka na soksi moja bila kurudi kuifuata.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Usiku mmoja wa mfalme asiyelala umeleta miaka mia tatu. Usiku mbili za Disii aliyelala, tena aliyekula, tena aliyeacha ushahidi, zinaleta ngapi? Mimi sidai yote. Natambua kwamba Disii si mfalme, ingawa wako waliokaa hapa Mpanda ambao hawakuambiwa hivyo. Naomba miaka mia tatu tu.

Sitasema mengi juu ya picha za marehemu zilizojaa ukutani, zinazomtazama mtu kila apitako kama makarani wa kodi. Nitasema tu kwamba mmoja wao amechorwa na mbwa wake na mkewe, na aliyepewa nafasi kubwa ni mbwa.

4. Kuhusu wanyama na kijiji.

Hapa naomba uweke kalamu chini kidogo.

Nje ya jumba kuna eneo kubwa la nyasi na miti, na ndani yake wanatembea paa wakubwa wenye pembe kama matawi. Mama Funguo alisema ni mia sita. Wanaruhusiwa kwenda wapendako. Wanafika hadi dirishani, wanamtazama mwenye nyumba, naye anawatazama. Bwana wa Malale, yule afisa anayetuhubiria barazani, ametufundisha kwamba penye wanyama wa porini na vichaka pana mbung'o, na penye mbung'o watu hawana budi kuhama. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, nikaona ni wajibu wangu kuchunguza. Nilitembea nusu saa katika nyasi zile na suti yangu nyeusi, maana mbung'o hupenda nguo nyeusi, nikasimama vichakani, nikajitoa kabisa. Sikuumwa na kitu ila manyunyu. Lakini nusu saa siyo uchunguzi, na siwezi kuthibitisha kwamba Hatlikomu ni salama.

Nilipokuwa nimesimama kule nyasini nikamuuliza Mama Funguo, aliyenifuata kwa mwavuli kwa wema wake, mbona ardhi ina mabonde mabonde kama misingi ya nyumba. Akajibu kwa fahari. Akasema zamani palikuwa na kijiji pale, watu kama mia mbili, na kanisa dogo. Lakini babu wa babu wa mwenye jumba alikuwa akifungua dirisha asubuhi anaona mapaa ya watu na moshi wao, na hakupendezwa. Akaamuru kijiji kizima kihamishiwe nyuma ya kilima, wakajengewa nyumba za kufanana zilizopangwa mstari mmoja kando ya barabara. Mahali pao wakawekwa paa.

Mheshimiwa, nilisimama pale muda mrefu. Nilifikiri kuhamisha watu wakae mstari kando ya barabara na kuwaachia wanyama ardhi ni dawa mpya iliyogunduliwa kwa ajili yetu na madaktari. Kumbe ni desturi yenu ya siku nyingi, mnaifanya hata nyie kwa nyie, hata pasipo na mbung'o. Sikukasirika. Nilihisi tu uchungu, kwa sababu nilimuuliza Mama Funguo kijiji kile kiliitwaje na yeye, anayejua jina la mbwa wa pichani, hakujua.

5. Kuhusu mzuka wa ukutani.

Mwisho tuliingizwa chumba cha vitabu. Mama Funguo alishusha sauti, akatuambia tukae kimya, maana ukuta wa chumba kile una mzuka. Bibi mmoja wa zamani alikufa kwa huzuni, na hadi leo kila majira ya joto husikika akivuma ndani ya ukuta. Watu wote wakanyamaza. Na kweli ukavuma. Yule mama mnene akamshika mumewe.

Mimi nikaenda nikaweka sikio ukutani, nikanusa ufa wa mbao. Nimewafuata nyuki tangu nikiwa na miaka saba. Nikawaambia, kwa kupitia Bwana Nyuki, kwamba bibi huyu ana watoto wapatao elfu arobaini, ana malkia mchanga mwenye nguvu, na masega yake yanafika nyuma ya rafu ya tatu. Nikaomba panga na moshi kidogo.

Nilitegemea kushukuriwa. Badala yake Mama Funguo alikaribia kulia. Inaonekana mzuka ule ndio kitu kilichokuwa kinapendwa kuliko vyote katika nyumba, kuliko hata kitanda cha mfalme. Aliondoka haraka akarudi na mzee mmoja mrefu, fulana yake ya sufu imetoboka viwikoni, mkononi ana kisu cha kumenyea viazi. Nilidhani ni mpishi. Ndiye alikuwa mwenye nyumba.

Mzee yule alisikiliza, akaweka sikio ukutani kama mimi, akatabasamu. Alisema anajua tangu utoto wake kwamba ni nyuki, ila aliambiwa asiwaambie wageni. Kisha akatuchukua mimi na Bwana Nyuki kwa mlango wa nyuma hadi jikoni, akanipa kiti. Kiti cha mbao, kimelegea mguu mmoja, hakina kamba. Nilikaa, Mheshimiwa, nikamshukuru Mungu. Akafungua ile asali yangu ya rambirambi, akapaka mkate, akala vipande vinne.

Aliniambia kwamba yeye anaishi katika vyumba vitatu karibu na jiko. Huko mbele hakai, kuna baridi, na watoto wake wako mijini. Akaniuliza habari za nyumbani kwetu. Nikamweleza juu ya mama na nyumba yake na baba aliyezikwa pale. Akauliza, "Mama yako anakaa na nani?" Nikamjibu kwa fahari kwamba anakaa na nyumba yake. Mzee akanimiminia kikombe cha pili cha chai bila kuniuliza. Sikujua kwa nini.

Hayo ndiyo malalamiko. Yafuatayo ni maombi, nayo naomba yasomwe kwa utaratibu yalivyopangwa, kwa sababu moja linabeba jingine.

Naomba kwanza nyumba ya Mama Eufrazia itangazwe kuwa nyumba ya kihistoria. Naomba iwekewe kamba. Kamba ninayo, ya magome ya myombo, tunayofungia mizinga, ni imara kuliko ile ya Hatlikomu. Kamba izunguke kitanda alicholala Disii, na soksi iwekwe juu ya mto. Viti visifungwe, mama hatakubali.

Naomba Wazungu wa mgodi wa hapa Mpanda waruhusiwe kuja siku za Jumapili kuitazama. Watapiga hodi, nao wataitikiwa, kwa hiyo kwa upande huo tutakuwa tumewazidi. Mama atavaa nguo nyeusi kama ikilazimu, na funguo tutamtafutia, ingawa nyumba haina kufuli. Mbuzi wake kumi na mmoja wahesabiwe kuwa paa. Mzuka hatuna, lakini katika mninga ulio nyuma ya nyumba kuna mzinga ambao unaweza kuvuma kwa huzuni nikiupanga vizuri.

Likikataliwa hilo, naomba basi sheria iwe moja kwetu sote. Bwana wa Malale apelekwe Hatlikomu na watu wake na mapanga yao. Vichaka vifyekwe, paa mia sita wawindwe, na mzee mwenye jumba apewe notisi ya kuhama kabla ya mvua, ingawa kwa kule sijui watamwambia mvua ipi. Apangiwe kiwanja nyuma ya kilima pamoja na wale waliotangulia, apewe eka moja na mbegu ya muhogo, na afundishwe kuchimba choo. Jumba lake lichomwe asipate pa kurudi. Nyuki wa ukutani nitakuja kuwahamisha mwenyewe, bila malipo.

Na kama hilo nalo haliwezekani, kwa kuwa utaniambia jumba lile lina marehemu wao na kumbukumbu zao na haliwezi kuguswa, basi nitakushukuru sana. Kwa sababu hapo utakuwa umenijibu juu ya nyumba ya mama yangu kwa kinywa chako mwenyewe, na sitakuwa na haja ya kukusumbua tena.

Nisalimie Mama Mkubwa, mkeo, na umwambie maua yake ya pale barazani yanahitaji nyuki, nitamletea mzinga. Nisalimie mpishi wako Isidori, aliyenipa viazi siku ile uliponiita. Wasalimie matarishi, na karani mwenye rundo, na yule mbwa wako anayenichukia. Mwambie mimi sina kinyongo.

Ndimi mtumishi wako, niliyekaa vizuri na nisiye na hasira,

Ubaldo Kalisti

N.B. 6 Oktoba 1957.

Barua hii imechelewa kwa sababu nilitaka kwanza mama aitie alama ya kidole gumba. Nilipanda baiskeli siku mbili hadi Ugalla. Nilikuta ua mtupu. Nyumba haina mlango, nyasi za paa zimeshushwa upande mmoja, mbuzi hawapo, mafiga yameng'olewa jikoni. Nilikaa chini nikalia, Mheshimiwa, nalisema wazi. Nilidhani watu wako wamekuja na lori na kumbeba mama yangu kama gunia. Nikaendesha hadi kambini nikiwa na maneno mdomoni ambayo hayafai kuandikiwa mtu wa cheo chako.

Nilimkuta kiwanja namba kumi na nne, anatwanga na wanawake watatu, wote wanacheka. Hakuna aliyembeba. Alihama mwenyewe na lori la kwanza, siku tatu baada ya kupata maneno yangu ya kumkataza. Mlango aliung'oa yeye, akaupakia, akakaa mbele na dereva akimwelekeza njia.

Nilimsomea barua yote. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga, hasa pale pa mzee na kisu cha viazi, akanifanya nipasome mara mbili. Kisha akaacha kucheka.

"Amri hii siipendi," alisema, "na Bwana wa Malale nimemwambia mbele ya watu. Lakini wenzangu wote waliondoka, Ubaldo. Moto ukizimika usiku naomba kwa nani? Nyumba ile uliitaka wewe, ili ukija mara mbili kwa mwaka uikute. Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja siku zote nyingine."

Nilimsaidia kuutia mlango bawaba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba malalamiko namba moja hadi namba tano yafutwe, na mzee wa Hatlikomu aachwe jikoni kwake kwa amani. Limebaki ombi moja, nalo ni la mama, naliandika kama alivyoniagiza. Kiwanja namba kumi na tano, kinachopakana na chake, kiko wazi. Ameshakipalilia, na anawaambia watu kina mwenyewe. Anaomba Serikali itoe amri ya uhamisho kwa jina la Ubaldo Kalisti wa Mpanda Mjini, ahamie hapo kabla ya mvua, akubali asikubali. Mimi sitakata rufaa.